Nirudishieni Koo Langu, au Mchukue na la Bersi

Hallvardur Ketilsson,
Shamba la Ytribakki,
Iceland ya Kaskazini.
Jumatatu, tarehe 4 Machi.

Kwa Bi Arnthrudur, Muuguzi Mkuu,
Wodi ya Masikio, Pua na Koo.

Ndugu Muuguzi Mkuu,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA NESI DYRLEIF, ALIYENIHARIBIA MAISHA KWA KUNITUNZA

Natumaini barua hii itakukuta u mzima na unapumua kwa pua. Sisi wengine, kama utakavyokumbuka, tulishaacha.

Mimi ni yule mzee wa kitanda cha dirishani, mwezi Septemba, mliyemtoa koo lote kwa ajili ya saratani mkamwachia tundu chini ya shingo la kupumulia. Na daktari sina ugomvi. Aliniambia nichague koo au kaburi, nikachagua, yakaisha. Ugomvi wangu ni na huyu Dyrleif mnayemtuma nyumbani kwangu kila Jumanne anifundishe kuishi na hilo tundu.

Ili ujue mmemfanyia nani haya, naomba unisikilize kidogo. Kwa vuli ishirini na sita mimi nilikuwa mfalme wa mlima, yaani ndiye niliyeongoza watu kwenda kuteremsha kondoo kabla theluji haijafunga njia. Kazi ile haitaki elimu, inataka sauti. Nikiita kutoka gengeni, mbwa wa bonde la tatu walikuwa wanasimama kusikiliza. Msimu ukiisha, sauti hiyo hiyo niliipeleka kwenye bwawa la mji, katika kidimbwi cha maji ya moto, kila siku saa moja asubuhi, kubishana na Bersi Oddsson.

Tunabishana jambo moja tu. Vuli ya mwaka themanini na tisa, kwenye ukungu, mstari wetu wa kuswaga kondoo ulikatika pale Korongo Jeusi, kondoo kumi na tisa wakapita kwenye pengo, hatukuwaona tena. Nani aliacha pengo? Mimi nasema ni Bersi, aliyeiacha zamu yake akaenda kibandani kunywa kahawa. Bersi anasema ni mimi, nililala juu ya farasi. Basi. Miaka thelathini na nne, kila asubuhi, isipokuwa Krismasi na siku alipozikwa mama yake. Nakuomba uliweke hilo akilini unaposoma malalamiko yafuatayo.

1. Kwamba Nesi Dyrleif amenifanya mtumwa wa tundu. Asubuhi kabla ya kahawa nalitoa bomba la tunduni, nalisugua kwa brashi, nalisuuza, nachukua tochi na kioo, nachungulia kama kuna magamba, nayabandua kwa kibano, natia matone ya maji ya chumvi, nakohoa, nafuta, nabandika kichujio juu ya tundu. Mchana tena. Jioni tena. Nimefuga ng'ombe miaka arobaini na hakuna hata mmoja aliyetaka nimchungulie kwa tochi mara tatu kwa siku. Nilipoandika kwenye kibao changu, "Nitafanya kesho," alinijibu hivi, nakunukulia neno kwa neno: "Kesho utakuwa umeziba, mzee. Pua yako imestaafu. Hewa kavu inaingia moja kwa moja kifuani, kohozi linaganda kama gundi, halafu tunakuimbia kanisani. Kama unataka kufa, chagua siku nyingine. Jumanne ni zamu yangu." Lugha gani hii kwa mtu wa miaka sabini na moja?

2. Kwamba ameniletea mashine ya mvuke. Inakoroma kando ya kitanda kuliko nilivyopata kukoroma mimi, na karatasi za ukutani zimeanza kubanduka. Mke wangu, Hrefna, anasema haijambo, angalau hii ina kitufe cha kuizima.

3. Kwamba amenilazimisha kuvaa kichujio mbele ya watu. Nakiri kulikuwa na sababu. Wiki ya kwanza niliyorudi nilikwenda kwenye kahawa ya baada ya ibada bila kuziba chochote, mtu akasema jambo la kuchekesha, nikacheka, na kwa kuwa sasa kicheko changu hakipiti tena mdomoni, kohozi lilitoka shingoni likaruka meza nzima likatua katikati ya keki ya krimu ya mke wa kasisi. Mke wa kasisi alichukua kisu, akakata kile kipande, akakitenga, akaendelea kugawa. Mimi niliona mambo yameisha kiungwana. Lakini habari zilimfikia Dyrleif, akaja na kasha zima la vichujio, akasema vinazuia ajali za namna hiyo na vinatunza unyevu kifuani. Ni kweli vinatunza. Sipingi. Nalalamika tu kwamba alicheka mpaka akakaa chini.

4. Kwamba ameirudisha pua yangu kazini bila ruhusa yangu. Hewa isipopita puani, harufu nayo haipiti. Mlinionya kwamba ni hasara, nami nikaja kugundua kuwa ni neema, maana tarehe ishirini na tatu Desemba sisi hula samaki taa aliyevundishwa, na nyumba zote za mji zinanuka mkojo wa farasi hadi mwaka mpya. Kwa mara ya kwanza maishani nilikula taa kwa amani. Wajukuu wanatokwa machozi, Hrefna kafungua madirisha yote, mimi nimetulia naongeza viazi. Sasa Januari Dyrleif akanifundisha kupiga miayo huku mdomo umefungwa, taya likishuka polepole, ili hewa ivutwe puani. Nilifanya zoezi hilo wiki tatu nikionekana kama ng'ombe anayecheua. Wiki ya nne harufu ikarudi. Unajua ilikuwa harufu ya nini? Soksi za Bersi, kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni, na hili ndilo linalonileta kwenye lalamiko la tano.

5. Kwamba aliingia kwenye bafu la wanaume. Ndugu Muuguzi Mkuu, unajua sheria ya mabwawa yetu. Kabla ya kuingia majini mtu aoge uchi kabisa, kwa sabuni, na ile picha ya ukutani inaonyesha kwa rangi nyekundu ni wapi asugue. Msimamizi wetu, Ulfar, anaishika sheria hiyo kuliko Amri Kumi. Aliwahi kumrudisha mbunge akaoge upya. Sasa mimi nikioga lazima nivae kikinga cha shingoni, maji yasije yakaingia tunduni nikazama nikiwa nimesimama. Ulfar akaniona. "Hallvardur," akasema, "vua hicho. Sheria inasema uchi." Nikamwandikia kwenye kibao kwamba nikivua nitakufa. Akasoma, akafikiri, akasema, "Kufa ni mambo yako, lakini sheria haina neno 'isipokuwa'."

Sitaki kumlaumu Ulfar. Mtu mwenye sheria moja huishika kwa mikono miwili. Lakini Hrefna alimpigia simu Dyrleif, na Dyrleif hakuandika barua kwa meneja wa bwawa kama mtu mstaarabu. Alikuja mwenyewe, na buti zake zenye theluji, akasukuma mlango wa bafu la wanaume tukiwa humo watu tisa, tumevaa mvuke tu. "Kaeni hivyo hivyo," akasema, "sijaja kuwatazama, hakuna jipya." Kisha akatoa somo. Alinishika bega akanigeuza huku na huku kama kondoo wa maonyesho, akawaonyesha tundu, kichujio, kikinga. Akasema: "Huyu akizimia, mdomo wake na pua yake ni mapambo tu. Hewa anapewa hapa, shingoni. Ulfar, rudia." Ulfar akarudia. "Bersi, rudia." Bersi akarudia, ameshika sifongo mahali alipoona panafaa. Walirudia wote wanane, pamoja na meneja wa benki. Sijawahi kuona aibu kama ile, na tangu siku ile Ulfar amechora kikinga changu kwa kalamu kwenye ile picha ya ukutani.

6. Kwamba ameniweka ngazi ya juu. Maji yasinipite kifuani, ndilo sharti lake. Kwa hiyo Bersi na wenzake wamezama mpaka kidevuni kwenye nyuzi arobaini, na mimi nimekaa ngazini kama sanamu, makalio yanaiva, mabega yanapigwa na mvua ya theluji. Nusu mtu yuko Julai, nusu yuko Februari.

7. Kwamba amemuua Bersi. Namaanisha Bersi niliyekuwa naye. Mwili wake upo, unakuja kila asubuhi.

Hapa ndipo penyewe, na naomba usome polepole. Mwisho wa somo la bafuni Dyrleif aliwaambia hivi: "Wiki hizi za mwanzo za kurudi bwawani msimbishie sana. Akipandwa na hasira anakohoa, akikohoa sana anatoa damu." Wiki za mwanzo, alisema. Nilisikia mwenyewe, maana masikio hamkunitoa. Lakini Ulfar ni Ulfar. Kesho yake aliyageuza maneno hayo kuwa amri mpya, akaipiga chapa, akaiwekea plastiki, akaibandika ukutani kando ya sheria ya kuoga uchi: HALLVARDUR HABISHIWI. Na watu wa mji huu kitu kikishawekewa plastiki wanakitii mpaka plastiki ioze.

Tangu hapo sijabishiwa. Naandika kwenye kibao kwamba mvua itanyesha, wanaitikia. Kesho naandika haitanyesha, wanaitikia. Siku moja niliandika kwa makusudi kwamba mbuzi ana akili kuliko kondoo. Mbele ya wafugaji sita! Mmoja akasema, "Umesema kweli, mzee wetu." Mzee wetu! Mimi si mzee wa mtu. Kibao chenyewe kinanichelewesha, mvuke unafuta kalamu, na nikimaliza kuandika nawakuta wamekwisha kuitikia kwa vichwa kabla ya kusoma.

Nilivumilia, nikasema moyoni, Bersi yupo. Debe tupu haliachi kuvuma. Basi Alhamisi iliyopita nikaandika kwa herufi kubwa, kama nilivyokuwa nasema kila asubuhi: NI WEWE ULIYEACHA PENGO. Bersi akakisoma kibao. Akatazama tangazo la Ulfar. Akatazama shingo yangu. Halafu akasema kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia ikitoka kwa mtu yule: "Ni kweli, Hallvardur. Nilikuwa kibandani. Nilikuwa nakunywa kahawa. Samahani."

Miaka thelathini na nne nimengoja maneno hayo. Nilidhani siku nikiyapata nitapiga kelele mlima mzima usikie. Ndugu yangu, niliteremka ngazini, nikajifuta, nikaenda kukaa ndani ya gari, nikalia, na machozi yangu yakatoka huku pumzi ikipiga filimbi shingoni kama birika. Si kwa furaha. Ushindi wa sadaka hauliki. Mtu habishiwi akiwa maiti, na akiwa mgonjwa ambaye wenzake wanamhesabu maiti. Wamenizika, wakaniacha nimekaa ngazi ya juu.

Najua utasema: si tulikuwekea kifaa cha sauti? Mliniwekea. Kipo, nakisafisha kila siku kwa brashi yake, nakijaribu kwa funda la maji kama kinavuja, sikiachi hata siku moja kwa sababu Dyrleif ananikagua. Lakini kukitumia ni jambo jingine. Pale wodini nilibonyeza kidole gumba tunduni kama mlivyonielekeza, nikasukuma pumzi, ikatoka sauti ya bata aliyekanyagwa. Mgonjwa wa kitanda cha pili akageukia ukutani kwa adabu. Nikaapa kwamba aliyewahi kusimamisha mbwa wa bonde la tatu hatarudi mjini na sauti ya bata. Kila Jumanne Dyrleif ananiambia, "Jaribu neno moja tu, mzee. Neno lolote unalolipenda." Nami namwandikia: SINA.

Kwa hayo yote, na kwa heshima zote, naomba yafuatayo:

Mosi, Nesi Dyrleif ahamishwe, ikiwezekana kwenye mnara wa taa ulio kisiwani, akawafundishe ndege.

Pili, nirudishiwe koo langu. Nasikia hospitali huweka vitu kwenye chupa. Sitauliza kama limeharibika, nitalichukua kama lilivyo, na Hrefna anaweza kushona.

Tatu, kama la pili haliwezekani, basi naomba Bersi Oddsson naye aitwe atolewe koo lake. Najua ni zima. Hilo si kosa lake. Lakini haki ni haki: tukiwa wote wawili na matundu na vibao, hatakuwa na sababu ya kunihurumia, na tutaandikiana matusi tukiwa sawasawa. Ana miaka sabini na mbili na amelitumia vya kutosha. Kitanda cha dirishani kinafaa, kina jua la asubuhi. Mwambieni tu asilale karibu na yule wa kitanda cha pili.

Nategemea jibu lako la haraka, kwa maandishi, maana simu kwangu ni pambo.

Wasalimie wote wodini: daktari mwenye mikono baridi, yule dada wa zamu ya asubuhi aliyenifichia kahawa, mpishi wa uji, na mgonjwa wa kitanda cha pili kama yungali hai. Hrefna anawasalimu pia, anasema karatasi za ukutani mtalipa nyie.

Wako katika pumzi,
(unyevu asilimia inayotakiwa)

Hallvardur Ketilsson,
Mfalme wa Mlima, mstaafu

Nyongeza: Jumanne asubuhi. Ndugu Muuguzi Mkuu, nilikuwa nimeiacha barua hii wazi juu ya meza ya jikoni, nikaenda bafuni na tochi na kibano. Bersi akaja kunichukua kwenda bwawani. Bersi haombi ruhusa kusoma kitu cha mtu. Nilipotoka nilimkuta amesimama na karatasi zote mkononi, uso mwekundu kama figo.

"Koo langu?" akasema. "Unataka koo langu, wewe? Nimekukubalia uongo wako mbele ya watu, nimejipaka matope kwa ajili ya kohozi lako, halafu unaniombea kisu? Sasa sikiliza. Sikuwa kibandani! Kibandani sikukanyaga siku ile! Nilikuwa zamu yangu nimelowa mpaka kwenye mfupa, na wewe ulikuwa juu ya farasi unakoroma, kondoo wanakupita chini ya pua, na farasi mwenyewe alikuwa anaona aibu!"

Nilitafuta kibao. Kilikuwa bafuni. Naapa sikufikiri. Kidole gumba kilikwenda shingoni chenyewe.

"MWONGO!"

Haikuwa sauti ya mlimani. Ilikuwa kama lango la zizi lenye kutu. Lakini ilitoka, ikagonga ukuta, ikarudi. Bersi aliweka karatasi mezani, akavua kofia. Kutoka chumba cha kufulia nikamsikia Hrefna akiuliza, "Nani huyo anagombana na Bersi?" Halafu nikasikia beseni la nguo limeanguka sakafuni.

Bersi alipangusa macho kwa kofia. "Rudia," akasema. Nikarudia. "Sauti mbovu," akasema, "na bado unasema uongo." Tukaendelea mpaka kahawa ikapoa, nikakohoa, nikafuta, nikabadilisha kichujio, tukaendelea. Hivi ninavyoandika yuko njiani anakwenda kubandua ile plastiki ya Ulfar.

Kwa hiyo naomba malalamiko yote, la kwanza hadi la saba, yafutwe. Dyrleif yuko mlangoni, anakung'uta theluji kwenye buti. Msimhamishe. Shukrani ya punda ni mateke, amekwisha kuzoea. Mpeni vichujio makasha mawili zaidi, nitavimaliza upesi kwa jinsi mambo yalivyo. Koo langu nililolidai, kama liko kwenye chupa, kaeni nalo.

La Bersi liacheni lilipo. Nalihitaji.